Deni Lipi Lilipwe Kwanza?

Ndugu msomaji, katika toleo lililopita tulijifunza kuandika daftari la mapato na matumizi ya nyumbani. Wengi mmeandika, hongereni. Lakini baadhi yenu mmeniambia hivi: "Mwalimu, daftari nimeliandika, na sasa ndiyo nimeona kwamba nadaiwa huku na huku. Fedha nikipata ni kidogo, wanaonidai ni wengi. Nianze na nani?" Basi hilo ndilo somo letu la leo.

Nitawaeleza habari ya nyumba moja ya hapa hapa kata ya Malangali, katika Manispaa ya Sumbawanga. Baba na mama wa nyumba hiyo wote ni wanakisomo. Wamekubali habari yao iandikwe ili wengine wajifunze, ila majina yao tusiyataje.

Ilikuwa jioni mwishoni mwa Februari. Mvua inapiga mabati ya darasa mpaka hatusikilizani. Mama yule akafika amechelewa, ametoka kuuza maharage mjini. Fedha ameifunga kwenye pindo la khanga. Jumla shilingi 328,000. Akaniambia, "Mwalimu, leo usitufundishe hesabu za kitabuni. Tufundishe hesabu ya fedha hii. Ninayo moja, na wanaoisubiri ni sita."

Mume wake alikuwa ameketi nyuma. Akasimama akasema, "Mimi nimekwisha mwambia. Tulipe vidogo vidogo vyote leo, tubaki na viwili tu. Mtu anayedaiwa na wawili si sawa na mtu anayedaiwa na sita."

Mama akageuka. "Na maksai je?"

Baba akanyamaza.

Tukawaomba watutajie madeni yote, nami nikayaandika ubaoni. Yalikuwa hivi:

Dukani: sh. 40,000 za sabuni, chumvi, sukari na mafuta ya taa. Hakuna riba.

Kikoba: sh. 200,000. Riba sh. 10,000 kila mwezi.

Mkopeshaji wa mjini: sh. 150,000. Riba sh. 45,000 kila mwezi. Rehani ni maksai mmoja.

Mkopo wa simu: sh. 20,000. Ada sh. 3,000 kila mwezi.

Kaka yake mama: sh. 80,000. Hakuna riba.

Mfanyabiashara wa mahindi: gunia 4, apewe mwezi Julai.

(Simu nayo tuliihesabu kama mtu. Bibi mmoja darasani alisema simu inadai kuliko mtu, maana mtu usiku hulala.)

Hebu ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, funika ukurasa kwa mkono na ufikiri. Wewe ungeanza na lipi?

Darasani watu waligawanyika. Wazee wengi walisema aanze na shemeji, kwa sababu ni ndugu. Vijana walisema waanze na deni kubwa, la kikoba, ili lipungue. Wachache walimuunga mkono baba, walipe vidogo kwanza. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyesema upuuzi. Ila karibu wote walikuwa wanatazama ukubwa wa deni. Ukubwa peke yake haukuambii kitu. Lazima uulize: deni hili litakula kiasi gani mwezi ujao kama sitalilipa leo?

Ukiuliza hivyo, madeni yanajigawa yenyewe. Yapo yanayoendelea kula. Yapo yaliyolala. Na lipo moja hapo ubaoni ambalo limekwisha shiba. Tuyatazame.

Dukani na kwa shemeji ni madeni yaliyolala. Shilingi 40,000 za leo zitakuwa 40,000 mwezi Julai. Sisemi kwamba hayana madhara. Deni la shemeji halina riba ya fedha lakini lina riba ya uso, kila mkikutana msibani au kanisani unainama. Hata hivyo haliongezeki.

Kikoba kinakula 10,000 kwa mwezi katika 200,000. Yaani 5 kwa kila mia. Simu inakula 3,000 katika 20,000, yaani 15 kwa kila mia. Mkopeshaji wa mjini anakula 45,000 katika 150,000. Gawanya mwenyewe: ni 30 kwa kila mia, kila mwezi. Hao ndio watu wanawaita "kausha damu", na jina limewafaa. Deni lake kwa ukubwa ni dogo kuliko la kikoba, lakini linakula mara nne na nusu ya kikoba.

Sasa yale mahindi. Hapa nataka twende polepole, maana ndipo watu wengi wa uwanda wetu huu wa Ufipa wanapoumia bila kujua kwamba wana deni. Mwezi Desemba, mbolea haijanunuliwa na watoto wanaumwa, familia hii ilichukua sh. 120,000 kwa mfanyabiashara. Wakakubaliana atapewa gunia 4 wakati wa mavuno. Yaani kila gunia kwa sh. 30,000. Mahindi yenyewe wakati huo yalikuwa hayajafika magotini. Baba alisema, "Hilo si deni, mwalimu. Tuliuza tu."

Tukahesabu. Tukakadiria gunia moja mwezi Julai litauzwa sh. 60,000. Gunia 4 ni sh. 240,000. Alipokea 120,000, atatoa 240,000. Tofauti ni 120,000 kwa miezi saba. Gawa kwa saba, unapata kama sh. 17,100 kila mwezi, katika fedha ya 120,000. Hiyo ni riba ya zaidi ya 14 kwa kila mia kwa mwezi. Karibu sawa na simu, na karibu mara tatu ya kikoba. Darasa zima lilikaa kimya. Nadhani kila mtu alikuwa anahesabu gunia zake mwenyewe.

Lakini angalieni jambo moja. Deni hili la mahindi limekwisha shiba. Riba yake ilikatwa siku ile ile ya Desemba. Ukilipa leo ni gunia 4, ukilipa Julai ni gunia 4. Basi ingawa ni deni baya, kulikimbilia leo hakuokoi kitu, isipokuwa mwenyewe akikubali kupunguza. Baba alikwenda kumjaribu. Akamwambia, "Nikupe 160,000 taslimu leo tumalizane." Yule bwana akacheka, akasema yeye hanunui fedha, ananunua mahindi. Hata angalikubali, fedha hiyo ingefanya kazi zaidi kwingine, kama mtakavyoona.

Turudi kwenye khanga. Katika 328,000 waliweka kwanza 10,000 za mashine na chumvi, kwa sababu mtu halipi deni kwa njaa. Zikabaki 318,000. Riba na ada za mwezi huo zilikuwa zimefika: kikoba 10,000, mkopeshaji 45,000, simu 3,000, jumla 58,000. Wakizitoa, wanabaki na sh. 260,000 za kupunguzia madeni yenyewe.

Tuifuate kwanza njia ya baba. Alipe simu 20,000, duka 40,000, shemeji 80,000. Madeni matatu yamekwisha kwa siku moja! Amebaki na 120,000. Kwa mkopeshaji hazitoshi, na yule bwana hapokei vipande: ulete zote 150,000, au ulete riba tu. Basi 120,000 zinakwenda kikoba, na deni la kikoba linabaki 80,000 lenye riba ya 4,000. Sasa kila mwezi watalipa 45,000 mjini na 4,000 kikoba, jumla 49,000. Kuanzia Machi mpaka Julai ni miezi mitano. Mara tano 49,000 ni sh. 245,000. Na baada ya kulipa hizo zote, zile 150,000 za mkopeshaji bado zipo pale pale kama walivyozichukua.

Nikawauliza, "Nje ya shamba mnapata kiasi gani kwa mwezi, mkishakula?" Mama anauza vitumbua, baba hulimia watu kwa maksai. Wakakubaliana kama 30,000. Basi kila mwezi watapungukiwa 19,000. Watazipata wapi? Watakopa tena, au watauza gunia nyingine zikiwa shambani, au maksai ataondoka. Na maksai akiondoka, mmoja aliyebaki havuti plau peke yake. Ndiyo maana mama aliuliza lile swali.

Sasa njia ya pili, ya kuanza na deni linalokula zaidi. Mkopeshaji alipwe zote 150,000. Zinabaki 110,000. Simu ilipwe 20,000. Zinabaki 90,000, ziende kikoba. Kikoba kinabaki 110,000 chenye riba ya 5,500 kwa mwezi. Miezi mitano ni 27,500. Basi.

Toa 27,500 katika 245,000. Tofauti ni sh. 217,500. Kwa bei ya 60,000, hizo ni gunia tatu na nusu na kitu juu, zinazopotea kwa sababu tu ya kulipa kwa mpangilio mbaya. Fedha ni ile ile, watu ni wale wale, jasho ni lile lile.

Miaka ya nyuma mimi somo hili ningelifunga hapa. Nilikuwa nikifundisha kwamba riba kali ndiyo ya kwanza, mchezo umekwisha. Nikaja kuona wanakisomo wangu wanaanza vizuri na kuacha njiani. Mtu akilipa deni moja kubwa miezi sita bila kulimaliza, huku wengine watano wanamgongea mlango, moyo unachoka. Watafiti wawili wa Marekani, David Gal na Blakeley McShane, waliandika mwaka 2012 juu ya watu waliokuwa kwenye mpango wa kulipa madeni mengi. Waliona kwamba waliofanikiwa kuyafunga kabisa baadhi ya madeni yao, hata kama ni madogo, walielekea zaidi kufika mwisho wa safari. Kwa hiyo baba naye hakuwa mjinga. Alijua moyo wake.

Nikawauliza wote wawili, "Katika haya madogo, lipi linawaumiza zaidi?" Mama akajibu kabla sijamaliza, "Dukani. Mtoto nikimtuma chumvi anarudishwa mbele za watu." Tukapima. Wakilipa duka 40,000, fedha hiyo haitakwenda kikoba, na riba yake ni 2,000 kwa mwezi, yaani 10,000 kwa miezi mitano. Je, kuondokana na aibu ile kuna thamani ya sh. 10,000? Walitazamana, wakasema ndiyo. Mimi nakubaliana nao. Hiyo ni bei wanayoijua, na wameichagua wenyewe. Bei ya kumwacha mkopeshaji ingekuwa 45,000 kila mwezi pamoja na maksai, na hakuna aibu ya dukani inayofikia hapo.

Basi uamuzi ukawa huu: mkopeshaji 150,000, simu 20,000, duka 40,000, na 50,000 zilizobaki ziende kikoba. Madeni matatu yalikwisha, kama baba alivyotaka, lakini ni matatu mengine.

Shemeji je? Hapo mama aliona ugumu. "Kaka yangu nitamwambiaje, ati nimelipa mwenye duka nikamwacha yeye?" Tulimshauri asimkwepe. Walikwenda wote wawili, mume akamsalimu na kumwambia waziwazi: "Shemeji, fedha tumepata, nayo imekwenda kumkomboa maksai. Yako tutakuletea baada ya kuuza mahindi, mwezi Julai. Nimeiandika hapa." Akamwonyesha daftari. Shemeji alinuna kidogo, kisha akasema afadhali wamekuja wenyewe. Aliyelala haamshwi kwa kukimbiwa. Anaamshwa kwa kuambiwa atalipwa lini.

Sasa nieleze walivyokwenda kumlipa yule wa mjini, maana kulipa nako kuna kanuni zake. Karatasi waliyotia sahihi mwishoni mwa Januari haikusema popote "riba". Ilisema tu: "Nimekopa shilingi 195,000." Yaani 150,000 alizopewa na 45,000 za riba zimeunganishwa. Baba anajua kusoma. Aliisoma. Lakini alikuwa na haraka, ada na sare zinasubiri, akatia sahihi. Mtu akienda mbele ya baraza na karatasi kama hiyo, atathibitishaje kwamba alipokea 150,000 tu? Ndugu zangu, tusitie sahihi namba ambayo hatukuipokea mkononi.

Siku ya kulipa walimchukua mjumbe wao awe shahidi. Walihesabu fedha mbele yake, wakadai karatasi ile irudishwe, na wakaandikiwa stakabadhi yenye tarehe na maneno "deni limekwisha". Yule bwana alisema hana mazoea ya kuandika stakabadhi. Mjumbe akamwambia kalamu anayo yeye.

Tena kuna sheria. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018. Kwa sheria hiyo mtu anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, hata kama ni mtu mmoja mwenye meza moja. Benki Kuu imeweka pia kikomo cha riba kwa wakopeshaji wa namna hiyo: isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Katika 150,000 hiyo ni sh. 5,250. Yeye alikuwa anachukua 45,000! Kwa hiyo kabla hujakopa, mwambie mkopeshaji akuonyeshe leseni. Akikataa, umekwisha pata jibu. Mwenye malalamiko aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na Benki Kuu yenyewe ina tawi Mbeya. Hata mikopo ya kwenye simu iko chini ya sheria: Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, nyingine zikiwaaibisha wadaiwa kwa kuwatumia ndugu na majirani ujumbe.

Mavuno yakafika. Kuanzia Machi walikuwa wakilipa kikoba, mwezi wakipata wanapunguza na deni lenyewe, wasipopata wanalipa riba tu. Kufika Julai kikoba kilikuwa kimebaki 90,000. Shamba lilitoa gunia 18. Mfanyabiashara akaja na gari kuchukua zake nne, na magunia yake mwenyewe, yale marefu ya kufunga kilemba juu. Hapo baba alisimama imara. Gunia la kawaida tunalihesabu debe 6. Lumbesa ile ingemeza debe 8. Kwa gunia nne, debe 8 zaidi, yaani gunia la tano na debe mbili juu yake, bila hata kuandikwa kwenye makubaliano. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Baba akasema, "Tupime kwa mizani." Wakapima kilo 100 mara nne, gari likaondoka.

Zikabaki 14. Gunia 8 wakaweka kwa chakula, sita wakauza. Bei haikupishana sana na makadirio yetu, wakapata sh. 360,000. Kikoba 90,000, shemeji 80,000. Mkononi 190,000. Mwezi wa nane wakajinunulia mbolea ya kupandia mapema, wakiwa wamejiandikisha ofisi ya mtaa kwa ajili ya ruzuku ambayo Serikali iliirejesha msimu wa 2022/23. Desemba iliyofuata yule mfanyabiashara alipita tena na fedha zake mkononi. Mama alimkaribisha uji.

Kuna swali niliulizwa darasani: je, si vizuri kukopa mahali pamoja na kulipa kote? Yaweza kuwa vizuri, ikiwa mkopo mpya una riba ndogo kweli na huendi kukopa tena kule ulikomaliza. Mwanachama wa SACCOS anayetozwa 2 kwa mia kwa mwezi akimlipa kausha damu kwa fedha hiyo, amejiokoa. Ila mikopo ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ile isiyo na riba iliyosimamishwa Aprili 2023 na kurudishwa 2024, imewekwa kwa ajili ya miradi ya kikundi. Msiichukue mkagawana kulipia madeni ya nyumbani. Mwenzako akishindwa, kikundi chote kinadaiwa.

Sasa zoezi. Chukueni daftari, mfanye wawili wawili, ikiwezekana mke na mume.

Mtu mmoja ana madeni haya. SACCOS sh. 300,000, riba 2 kwa mia kwa mwezi. Jirani sh. 25,000, hakuna riba. Mkopo wa simu sh. 40,000, ada sh. 6,000 kwa mwezi. Mwezi Januari alipokea sh. 105,000 kwa gunia 3 za mahindi atakazotoa Julai, na gunia moja linatazamiwa kuuzwa sh. 65,000. Leo ni mwisho wa Machi. Riba na ada za mwezi huu amekwisha lipa, naye ana sh. 100,000 mkononi.

1. Kila deni linakula shilingi ngapi mwezi ujao?

2. Deni la mahindi lina riba ya shilingi ngapi kwa mwezi, ukigawa kwa miezi sita?

3. Mwenye mahindi anasema yuko tayari kupokea sh. 130,000 mwisho wa Aprili badala ya gunia 3. Je, akubali? Fedha zinazopungua azipate wapi, na kwa gharama gani?

4. Jirani anataka fedha yake wiki hii, mtoto wake ni mgonjwa. Je, jibu lako la kwanza linabadilika?

Swali la nne halina hesabu. Lijadilini darasani, mwandike mlivyokubaliana na mlivyokosa kukubaliana, mniletee. Majibu ya matatu ya kwanza yatatoka toleo lijalo.